Ninja Gaiden 4: Mapigano Yamerudi, Safari Imebaki Nyuma

Nimeimaliza gemu ya Ninja Gaiden 4 mara mbili kabla ya kushika kalamu, mara ya kwanza kwa kiwango cha kawaida na ya pili kwa kiwango kigumu, kwa sababu mtu aliyeupenda mfululizo huu tangu ujana hana haki ya kuuhukumu kwa pupa. Sehemu ya tatu ilitoka mwaka 2012 na iliniacha na huzuni: upanga ulipita mwilini mwa adui bila kukata kiungo, na silaha zilikuwa chache mno. Toleo lake lililorekebishwa, Razor's Edge, lilirudisha mengi kabla mwaka huo haujaisha, lakini baada ya hapo watengenezaji wake, Team Ninja, waligeukia kazi nyingine, nasi wapenzi wa Ryu Hayabusa, shujaa wa mfululizo huu, tukakaa miaka kumi na mitatu tukirudiarudia ya zamani. Gemu hii mpya ilitoka tarehe 21 Oktoba 2025 kwa PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta, na imetengenezwa na Team Ninja kwa ushirikiano na PlatinumGames, walewale waliotupa gemu ya Bayonetta. Hukumu yangu naitoa mapema: mapigano yake ni bora kuliko ya gemu yoyote ya upanga niliyowahi kuicheza, na karibu kila kitu kinachoyazunguka mapigano hayo hakiyafikii.

Mimi nilianza na Ninja Gaiden Sigma kwenye PlayStation 3, katika chumba kimoja cha gemu mtaani Langoni, Lamu, ambako wenzangu wote walikuwa wakilipia mechi za mpira. Bosi (yaani adui mkubwa) wa kwanza kabisa, Murai, mzee mwenye vijiti viwili vilivyoungwa kwa mnyororo, alinizuia jioni mbili nzima. Nilikuwa nikibonyeza vitufe vya kushambulia mfululizo, nikidhani wingi wa mapigo ndio ushindi, mpaka mwenye chumba akanisimamia nyuma na kuniambia, "Kinga kwanza, mwanangu. Upanga hautakimbia." Jioni ya tatu Murai alianguka, na tangu siku hiyo sikuwahi kuziona gemu za aina hii kuwa ni za kufyeka ovyo.

Aliyekulia Lamu atanielewa nikitaja kirumbizi. Siku za Maulidi au za harusi, watu wawili huingia uwanjani na fimbo zao, ngoma na zumari zikilia, na anayeshangiliwa si yule anayerusha fimbo nyingi, bali ni yule anayelisoma bega la mwenzake, akaipangua fimbo ikiwa bado iko njiani, kisha akarudisha moja kwa wakati wake. Ninja Gaiden 4 imejengwa juu ya elimu hiyohiyo. Maadui hawakungoji kwa adabu wakuvamie mmoja mmoja. Huja watatu wanne kwa pamoja, mmoja akikuchoma kwa mbali huku mwingine akikurukia, na ukikinga kwa muda mrefu mno kinga yako huvunjika. Una njia tatu za kujiokoa, yaani kukinga, kukwepa na kupangua, na kila moja ina saa yake.

Juu ya hizo tatu, watengenezaji wameongeza ya nne ambayo ndiyo roho ya gemu hii. Yakumo, shujaa mpya, anatoka katika ukoo wa Kunguru, mahasimu wa ukoo wa Hayabusa, na ukoo huo una sanaa ya kuitumia damu kama silaha. Ukishikilia kitufe cha L2, damu huuvaa upanga na kuugeuza kuwa kitu kikubwa na kizito, ambacho huvunja kinga ya adui na kulikata pigo lake kali kabla halijafika. Gharama yake ni kwamba nguvu hiyo ina kipimo kinachopungua, na ukiiita mapema au ukichelewa hata kidogo, unabaki wazi. Nilipokosea, nilijua nimekosea wapi, na nilipofaulu mkono uliruka wenyewe kabla akili haijasema neno. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Kunguru huyu hulipwa kwa kusimama pale ambapo mwoga angekimbia.

Yakumo ana silaha nne, na sikuona hata moja iliyowekwa kujaza nafasi. Panga mbili anazoanza nazo ni za mtu anayejifunza, na zinasamehe. Upanga mwembamba wa kuchoma, ambao ukivaa damu huzunguka kama kekee ya seremala, unamfaa anayependa kubaki na adui mmoja mpaka mwisho. Fimbo inayogeuka nyundo kubwa ndiyo niliyoishikilia zaidi, kwa kuwa husafisha uwanja ukizingirwa. Silaha za mauaji ya siri, zenye makucha na vitu vya kurusha, sijazimudu bado na siwezi kuzihukumu. Ukataji wa viungo, uliokuwa sifa kuu ya Ninja Gaiden II ya mwaka 2008, umerudi pamoja na maana yake ya asili: adui aliyepoteza mguu au mkono bado ni hatari na inakubidi ummalize upesi. Damu ni nyingi kupita kiasi, kwa hiyo mwenye nyumba yenye watoto asiicheze sebuleni. Picha hukimbia bila kukwama kwenye PlayStation 5 hata uwanja ukiwa umejaa maadui, jambo ambalo katika gemu inayopima wepesi wa jicho ni la lazima. Kamera, yaani jicho la gemu linalomfuata shujaa, ndiyo pekee iliyonikera. Ukibanwa kwenye pembe ya ukuta hupotea, na unapigwa na mtu usiyemwona.

Nje ya uwanja wa mapigano, furaha inapungua. Tokyo ya gemu hii iko chini ya mvua isiyokatika, kwa sababu ya Joka la Giza, adui wa kale, na saa moja ya mwanzo inapendeza macho. Baadaye kuta za chuma, bomba na taa zilezile zinajirudia, na njia ni moja tu, mbele. Nakumbuka mji wa Tairon katika Ninja Gaiden ya mwaka 2004, ambapo ulirudi kwenye uwanja uleule ukiwa na ufunguo mpya na mlango uliokuwa kimya ukafunguka. Mji ule niliujua kama ninavyoujua Usita wa Mui, njia kuu ya mjini Lamu, kona kwa kona. Humu hakuna mji wa kuujua. Kuna sehemu za kuteleza juu ya reli kwa kasi, za kupaa na upepo, za kuteleza juu ya maji. Zinachangamsha mara ya kwanza, na mara ya tano nilitamani ziishe. Hadithi nitaipita haraka, kwani nayo inapita haraka: wahusika wanaongea kidogo, Yakumo mwenyewe ni mkavu, na sikupata sababu ya kumwonea huruma mtu yeyote.

Uchungu wangu mkubwa unamhusu Ryu. Sikatai shujaa mpya, na Yakumo anastahili nafasi yake. Lakini Ryu anapokabidhiwa kwetu, gemu ikiwa imeenda mbali sana, anapelekwa katika maeneo tuliyokwisha kuyapita na kupambanishwa na mabosi tuliokwisha kuwaua, akiwa na Upanga wa Joka peke yake. Kumshika kwenyewe ni raha. Miruko yake ya zamani, ukiwemo ule wa kumkumbatia adui hewani na kumshusha kichwa chini, bado imo na bado inausisimua moyo. Ndiyo maana inauma zaidi kwamba hakujengewa hata mtaa mmoja wa kwake. Tomonobu Itagaki, aliyeongoza gemu za mwaka 2004 na 2008, habari za kifo chake zilitufikia tarehe 16 Oktoba 2025, siku tano kabla ya gemu hii kutoka, na nilipofika katika sura za Ryu nilimfikiria sana. Nilitaka sura zile ziwe na uzito wa kumuaga, ingawa najua waliozitengeneza hawakuweza kulijua hilo.

Bei yake wakati wa kutoka ilikuwa dola 69.99, yaani takriban shilingi 9,000 za Kenya, na hiyo ni pesa nyingi kwa mtu wa kisiwani. Kwa mtu anayetafuta hadithi au mji wa kutembea, sitamshauri ailipe, asubiri ishuke. Kwa mtu anayependa pambano lenyewe, na aliye tayari kurudia uwanja mmoja mara kumi mpaka mikono ielewe, nimeshaihesabu kuwa halali yake, kwa sababu baada ya kuimaliza hufunguka kiwango kigumu kuliko vyote, Master Ninja, ambacho hupanga maadui upya na kukulazimisha uanze kujifunza tena.

Hata asiyejua kitu ana mlango wa kuingilia. Mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka ishirini aliyekulia kwenye gemu za mpira tu, alianza kwa kiwango cha Shujaa, ambacho kinamkingia na kumkwepea mtu mapigo bila yeye kubonyeza. Alifika mbali kwa namna hiyo, akifurahia. Juzi baada ya Isha alikuja chumbani kwangu na padi mkononi, akaniambia, "Ami, nizimie hiyo ya kukinga, nataka nikinge mwenyewe." Nikamzimia. Aliuawa mara tisa na kundi moja la askari, na mara ya kumi akaipangua mikuki miwili mfululizo, kisha akasimamisha gemu na kunitazama bila kusema neno.