Nta ghafi ya Tabora kwa mishumaa ya nyumbani: uzoefu wangu

Nimetengeneza mishumaa kwa mabonge matatu ya nta ghafi ya nyuki wa miombo kutoka Tabora, kila moja kilo moja. Nta yenyewe ni nzuri mno: inawaka kwa utulivu, haitoi masizi ikipata utambi unaoifaa, na chumba kinanukia asali. Lakini ni ghafi. Asiye tayari kuisafisha asiinunue.

Bonge likifika, livunje. Nta halisi huvunjika kwa chengachenga, na ukitafuna kipande hulainika bila kung'ang'ania meno. Bonge langu la tatu, la muuzaji mwingine, lilikuwa linateleza vidoleni, na mshumaa wake ulinuka mafuta ya ng'ombe. Lilichanganywa na shahamu, na shahamu haitoki kwa kuchuja.

Kazi yote iko kwenye kusafisha. Kilo moja ya nta inataka lita moja na nusu ya maji ya mvua, ndani ya sufuria ya alumini. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi huifanya nta ishikane na maji ikawa kama uji, na sufuria ya shaba au ya chuma kinachoshika kutu huiharibu rangi. Moto uwe mdogo, maji yasichemke. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64. Ikipita 85 inakuwa ya kahawia na harufu inapungua, kwa hiyo kipimajoto ni cha lazima. Chuja kwa kipande cha kanga kuukuu kilicholowekwa maji ya moto, funika ndoo kwa blanketi, uache hadi kesho yake. Ikipoa haraka, uchafu unaganda katikati ya nta kabla haujatua. Asubuhi toa bonge, kwangua tabaka la kijivu la chini, kisha rudia mara moja zaidi. Asali isipooshwa ikaisha, moto wa mshumaa utatatarika na kuzimika. Kilo yangu ilibaki gramu 880, ikatoa mishumaa 14 ya kipenyo cha sentimita 2 na urefu wa sentimita 20.

Utambi ndio unaowashinda wengi. Tumia uzi wa pamba mtupu, uliosukwa, usiwe wa kusokotwa tu. Uliosukwa hujipinda ukiwaka, ncha yake ikatoka pembeni mwa moto na kuungua yenyewe; wa kusokotwa husimama wima, ukaota kichwa cheusi na kufuka moshi. Kwa kipenyo hicho mimi natumia unene wa karibu milimita 2. Nta ya nyuki ni nzito kupanda kwenye utambi, hivyo ule uliouzoea kwa parafini, nta ya petroli ya mshumaa wa dukani, utakuwa mwembamba: mshumaa utachimba shimo katikati na moto utazama. Ukiwa mnene kupita kiasi, nta itamwagika pembeni. Uchovye kwanza kwenye nta ya moto hadi mapovu yaishe, uunyooshe, uache ukauke. Jaribu mshumaa mmoja kabla ya kumimina yote.

Kalibu yangu ni bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, likafungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kupakwa maji ya sabuni ndani. Yeyusha nta safi kwa sufuria ndani ya sufuria yenye maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Ikishika moto, funika na uzime jiko, usimwage maji. Mimina ikiwa nyuzi 70 hadi 75. Nta hunywea ikipoa, kwa hiyo ongeza kidogo juu kabla haijakauka kabisa. Usiiweke kwenye friji, itapasuka.

Kwa mishumaa ya glasi nachanganya sehemu tatu za nta na moja ya mafuta ya nazi, maana nta tupu hubanduka kwenye glasi. Mafuta ya nazi peke yake hayafai pwani: huyeyuka kwenye nyuzi kama 25.

Ukungu mweupe unaotokea baada ya wiki kadhaa si kuvu. Futa kwa kitambaa laini. Mashapo uliyokwangua usiyatupe, mpe mfugaji apake ndani ya mizinga mitupu, huvuta makundi ya nyuki.