ATB kwa ndugu walioko Marekani bila D6 (diploma ya sekondari ya Kongo): mlango mzuri, kizingiti kirefu

Familia nyingi za Bukavu zina mtoto au ndugu aliyefika Marekani kama mkimbizi huku masomo ameyaachia njiani. Ujumbe wa WhatsApp unaoingia kutoka kwake unafanana na wa wenzake: "Mama, chuo kinaniomba diploma, munitafutie." Basi watu wa Kadutu wanakimbilia kwa prefe (mkuu wa shule), na wengine kwa vijana wanaochapa "diploma" pembeni ya siberi (cyber café). Kabla ya kutoa hata dola moja, ijulikane kwamba serikali ya Marekani yenyewe ina njia ya kumlipia masomo ya chuo mtu asiye na diploma ya sekondari. Chuoni inaitwa Ability to Benefit, na wengi wanaandika ATB tu. Hapa tunaipima kama huduma nyingine yoyote: inampa mtu nini, inamdai nini, inakwamia wapi.

Kwanza tuwatoe wasiohusika. Aliye huku Bukavu, Goma au Uvira hawezi kuiomba. Msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani unapewa raia wake, wenye green card, wakimbizi na waliopewa hifadhi, na makundi mengine machache. Hata mwanafunzi aliyekwenda kwa viza ya F-1 hapati. Mtu anayekuuzia "bourse ya Marekani bila diploma" akiwa Nyawera anakuuzia hewa.

Mwenye D6 naye haimhusu. D6, yaani Diplôme d'État, ni diploma ya sekondari, na FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo Marekani, inaikubali kama diploma. Chuo kinaweza kudai itafsiriwe na ilinganishwe na ya kwao, lakini hilo ni suala la karatasi. Kumwambia mtu wa aina hiyo apitie ATB kwa sababu tu diploma yake ilibaki Fizi wakati wa kukimbia ni kumrudisha nyuma bure.

Wanaobaki ni wale ambao kweli hawakumaliza: aliyeishia mwaka wa tatu wa sekondari, aliyetoka shuleni kambini, aliyefika ya sita lakini hakuzipata 50% za Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari). Huyo wa mwisho ndiye anayejidanganya zaidi. Bulletini (ripoti ya alama) ya mwaka wa sita anayo, muhuri wa shule upo, anatia alama penye "diploma". Fomu yenyewe inaonya kwamba taarifa ya uongo ya makusudi inaweza kuleta faini ya hadi dola 20,000, kifungo, au vyote viwili. Hatuoni sababu ya kucheza na hilo wakati njia halali ipo.

Sasa njia yenyewe. Ina masharti mawili yanayokwenda pamoja, na wengi wanasikia moja tu. Sharti la kwanza ni kujiandikisha katika programu ya aina inayoitwa career pathway: mafunzo ya kazi inayotafutwa katika eneo lile, yanayoambatana na masomo ya kumwezesha mtu kupata pia cheti kinacholingana na diploma ya sekondari, pamoja na mshauri wa kumfuatilia. Sharti la pili ni kuonyesha kwamba anaweza kufaidika na masomo ya chuo. Hapo kuna jaribio lililoidhinishwa na wizara ya elimu ya Marekani, au kufaulu krediti 6, yaani vipimo vya uzito wa kozi za chuo (au saa 225 kwa vyuo vinavyohesabu saa), au utaratibu wa jimbo pale ulipo.

Ushauri wa mitaani unapotoka mara nyingi hapa, na si kwa ubaya. Hadi Juni 2012 jaribio peke yake lilitosha. Kuanzia tarehe 1 Julai 2012 mlango ulifungwa kwa wanafunzi wapya, kisha Desemba 2014 Bunge la Marekani likaufungua tena kwa sharti la career pathway. Kwa hiyo mjomba aliyefika kule 2008 akikuambia "fanya jaribio tu, mambo yaishe", anasema kweli ya wakati wake.

Kati ya jaribio na krediti 6, sisi tunaegemea krediti kwa mtu wa kwetu. Jaribio linalotumika sana, ACCUPLACER, ni la Kiingereza: kusoma, kuandika na hesabu, na ni lazima kufaulu sehemu zote. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili nyumbani anaweza kuwa mkali wa hesabu na bado akaangushwa na sehemu ya kuandika. GED, mtihani wa cheti kinacholingana na diploma ya sekondari, nayo haimpunguzii mzigo huo. Ina mitihani minne, kila mmoja unataka alama 145, na hutolewa kwa Kiingereza au Kihispania. Krediti 6 kwa kawaida ni kozi mbili za krediti tatu-tatu, na mtu anaweza kuchagua zile anazoziweza.

Ubaya wake ni pesa. Krediti hizo 6 haziwezi kulipiwa na msaada wa serikali kuu, kwa kuwa bado hujastahili kuupata. Lazima zitoke mfukoni, kwa mwajiri, kwa kanisa au kwa mfuko wa chuo. Zaidi ya hapo, lazima ziwe kozi zinazohesabiwa katika cheti au digrii inayotolewa na chuo kile. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima katika darasa la Kiingereza lisilohesabiwa popote akidhani anakusanya krediti. Aulize kabla ya kulipa, na jibu alipate kwa imeili, si kwa mdomo.

Akishafika, faida ni ya kweli. Pell ni msaada usiorudishwa, na kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–2026 ni dola 7,395. Mwanafunzi wa ATB anapimwa kwa kipimo kilekile cha wenzake: kipato cha nyumbani na idadi ya krediti. Krediti 12 kwa muhula zinahesabiwa kama masomo kamili. Anayechukua 6 anapata nusu, yaani kama dola 3,700 kwa mwaka ikiwa kipato chake kinamstahilisha kiwango cha juu. Lakini akiacha masomo kabla ya kumaliza 60% ya muhula, sehemu ya pesa hurudishwa, na chuo kinaweza kumdai yeye. Anayefanya kazi ya usiku kiwandani aanze na kozi mbili.

Fomu hiyo ya FAFSA iko studentaid.gov na ni bure. Anayedai malipo ili "kuifungua" apuuzwe. Penye swali la kumaliza sekondari, mtu wa ATB anachagua "None of the above". Wengi wanaogopa kwamba jibu hilo linamfukuza. Kinachotokea ni kwamba chuo kinapaswa kuthibitisha ATB kabla ya kutoa pesa.

Kinachoangusha Wakongo kwenye fomu hii ni majina. Tuchukue mtu ambaye huku ni Mugisho Cirhuza Espérance: nom, postnom, prénom. Karatasi za safari zinaweza kumgeuza Esperance Cirhuza Mugisho, au zikaunganisha mawili yakawa jina moja la ukoo. Fomu inalinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) na kumbukumbu za serikali. Herufi moja ikipishana, inakwama. Kanuni ni moja: nakili kadi ya Social Security ilivyo, hata kama imekosewa; kosa lirekebishwe kwenye ofisi ya Social Security kabla ya kubadilisha jina kwenye fomu. Namba ya A ya uhamiaji ikiwa na tarakimu nane, inatanguliwa na sifuri.

Kuna pia swali la wazazi, na ndilo linalorudi Bukavu. Aliye chini ya miaka 24, asiye na ndoa wala mtoto anayemtunza, kwa kawaida anahesabiwa bado yuko chini ya wazazi hata kama hawajaonana miaka saba. Mzazi aliye Panzi au Bagira anaweza kufungua akaunti bila namba ya Social Security, akatoa idhini yake, na kuandika kipato kilichogeuzwa kuwa dola. Idhini ni lazima hata kama hajawahi kulipa kodi ya Marekani. Bila hiyo msaada hautoki. Mtu aliyekuwa yatima wa wazazi wote wawili wakati wowote tangu atimize miaka 13, hata kama walifariki kabla ya hapo, hahitaji hayo. Na mkimbizi aliyetenganishwa na wazazi atie "ndiyo" penye swali la hali zisizo za kawaida, kisha apeleke maelezo chuoni. Sheria inataja hali ya ukimbizi waziwazi, ila uamuzi ni wa ofisi ya misaada ya chuo.

Kwa jumla tunaipa ATB nyota nne kati ya tano kwa pesa inayoleta, na mbili kwa urahisi wa kuipata. Vyuo vingi havina career pathway inayokubalika. Mahali pa kuanzia ni community college (chuo cha jamii cha umma) ya karibu, na swali la kwanza kwa ofisi ya misaada liwe: "Mna career pathway inayokubalika kwa ATB? Kwa fani zipi?" Wakijibu kwa kutaja fani, dosie iendelee. Wakisema watampigia, atafute chuo kingine huku akingoja.

Huku Bukavu, kazi ya familia ni ndogo. Piga picha bulletini zote zilizopo, mbele na nyuma, muhuri usikatwe, na zitumwe kwa imeili. WhatsApp inazibana hadi alama hazisomeki. Hazitageuka diploma, lakini zitamsaidia mshauri kuona mtu aliishia wapi na kozi gani zimfae.