TAHADHARI: Unga wa "dhahabu ya Migori" unaozungushwa Mji wa Kale

Ndugu zetu wa Mombasa, kuna watu wanazunguka kwa masonara na majumbani na vichupa vya unga wa manjano. Maneno yao ni hayo kwa hayo: mvua zimekatika, msimu wa kuchimba umeanza, kilo mbili zimetoka Migori au Kakamega, zinauzwa haraka kwa bei ya chini. Msinunue.

Mwanzo wa msimu ndio wakati ambao mzigo ni mdogo. Mashimo yamejaa maji na tope, na wachimbaji kwanza huyapiga pampu. Mchimbaji mdogo huhesabu mapato yake kwa pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Kilo mbili wiki ya kwanza zimetoka wapi?

Tazameni pia umbo lake. Dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki kisha ikachomwa hutoka kama kibonge chenye vitundu, rangi imefifia. Unga unaong'aa sawasawa, ambao chini ya lenzi chembe zake zimejikunja, ni shaba ya manjano iliyopigwa tupa. Sumaku haisaidii kitu hapa, maana shaba nayo hainaswi.

Mtego wenyewe uko kwenye sampuli. Chembe chache ambazo muuzaji anampa sonara ni dhahabu kweli, zikapita kwenye jiwe la kupimia na tindikali. Kisha kichupa kinarudi mfukoni "kufungwa vizuri", na kinachotoka ni kingine. Kwa hiyo chagua chembe mwenyewe, kutoka chini na katikati, na kichupa kisiondoke mezani hadi mzigo wote uyeyushwe kwa boraksi (unga wa kusafishia dhahabu motoni) mbele yako. Shaba ya manjano ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe wa zinki (msiuvute, unaleta homa). Lipa kwa uzito wa kipande kilichopoa, si wa unga, kwani hata unga halali huwa na mchanga mweusi.

Kwa kipande kigumu, kipime kikavu, kisha kipime tena kikining'inia kwa uzi kutoka kwenye mizani ndani ya maji. Tola moja, gramu 11.66, ikiwa dhahabu safi hupungua kama gramu 0.6, shaba ya manjano hupungua karibu 1.4. Lakini tungsteni, metali nzito inayofichwa ndani ya dhahabu bandia, hulingana na dhahabu kwa kipimo hiki, kwa hiyo mche wa dhahabu ukatwe katikati au uyeyushwe. Kuukwangua juu hakutoshi.

Muuzaji akikataa moto, mkatalie pesa. Akiomba kwanza "ada ya kibali" au "ushuru wa bandarini", hapo hakuna dhahabu kabisa.

Na muulizeni leseni ya kufanya biashara ya madini. Sheria ya Madini ya 2016 inaidai, na asiye nayo anakuingiza wewe mnunuzi kwenye kosa. Aliyekwisha kutoa pesa asifute ujumbe wala risiti za M-Pesa. Azipeleke kwa wapelelezi wa DCI leo hii, kabla laini ya simu haijazimwa.