Majibu ya UDP yaliyokwenda na maji: uzoefu wangu na seva ya kukodi

Nimekodi seva kwa kampuni moja hapa Mombasa, jina nalihifadhi kwa sasa. Juu yake naendesha programu ndogo inayopokea habari za traka za GPS zilizofungwa kwenye tuktuk za Mwembe Tayari na Likoni. Traka hutuma pakiti (kifurushi kidogo cha data) kwa UDP, njia ya kutuma isiyongoja uthibitisho wa kufika, na programu huijibu baiti chache tu: nimepata. Isipojibiwa hutuma tena na tena mpaka bando liishe. Ndivyo ilivyokuwa juzi juzi, baada ya kampuni kufanya kile inachokiita matengenezo. Wenye tuktuk wakanivamia kwa simu: bando letu limekwenda wapi?

Nikaipigia kampuni. Kijana akapokea huku namsikia anatafuna. "Mzee, seva inajibu ping. Tena UDP haina uhakika, ndivyo ilivyo. Hamia TCP, yenye uhakika." Akakata.

Wallahi niliwaka. Ping ni ICMP, ujumbe wa kupima tu kama mashine iko hewani, inahusu nini na poti yangu, yaani mlango wa programu yangu? Na eti anifundishe UDP! Tangu Jon Postel aiandike RFC 768, waraka wa kanuni zake, mwaka 1980, kurasa tatu tu, haijawahi kuahidi kufikisha kitu. Lakini pakiti za kuja zinafika, za kurudi hazifiki hata moja. Hizo hazikupotea, zimepotezwa. Kebo ya intaneti ya baharini, TEAMS, inatua hapa hapa Mombasa tangu 2009, nami tuktuk ya ng'ambo ya feri hainisikii!

Usiku nikapiga tena, nimejiandaa kwa ugomvi. Akapokea dada mmoja, wala hakunihubiria. "Pole mzee wangu. Hebu fungua tcpdump tutazame sote."

Mistari miwili ya tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, ikatosha. Pakiti imeingia kwenye anwani ya IP ya seva inayoishia 14, jibu limetoka kwenye inayoishia 15. Kumi na tano ya nani? Sikuiomba! Kumbe katika matengenezo yao waliipachika anwani ya pili kwenye mashine, na njia kuu ya kutokea ikahamia huko. Programu yangu husikiliza 0.0.0.0, yaani anwani zote, kwa hiyo Linux, mfumo unaoendesha seva, ndiyo inayochagua anwani ya kujibia, kwa kufuata njia ya kutokea. Jibu likifika kwenye NAT (kibadilisha anwani) ya mtandao wa simu likitokea anwani ambayo traka haikuiandikia, linatupwa. Seva nayo imetulia, inajua imeshajibu.

Akanishauri soketi, yaani kiungo cha programu na mtandao, niifunge kwenye ile anwani ya 14 peke yake. Mstari mmoja wa kubadilisha. (Anayezihitaji zote mbili afungue soketi kwa kila anwani, au atumie IP_PKTINFO, chaguo la soketi linaloonyesha pakiti imeingia kwa anwani ipi.) Nikaiwasha upya, tuktuk zikaanza kuchomoza kwenye ramani, moja imekwama foleni ya feri kama kawaida.

Basi nikaandika hapa nyota nne. Mashine yenyewe, nisiwe mwongo, ni imara, na yule dada wangempa idara nzima.

Hayo yalikuwa ya jana. Leo imeingia bili, na ndani yake mna malipo ya "anwani ya ziada". Ile ile ya 15! Kupiga simu, kapokea yule yule mtafunaji: "Sasa mzee, si iko kwenye seva yako?"

Nyota moja. Nayo ni ya dada wa zamu ya usiku, asigaiwe mtu mwingine.