Swichibodi ya Bunge la Marekani: simu ya dakika mbili ya kudai vita vikome

Namba ni (202) 224-3121. Ndiyo swichibodi (kituo cha kuunganisha simu) ya Capitol, jengo la Bunge mjini Washington, na ndiyo njia fupi kuliko zote kwa mkazi wa Marekani anayetaka kumwambia mbunge wake aache kuunga mkono vita. Hulipii chochote zaidi ya gharama ya simu, hujisajili popote, wala si lazima uwe raia. Mkimbizi wa Kongo aliyepewa makazi Louisville au Dallas ni mtu wa jimbo lile kama jirani yake aliyezaliwa pale pale. Ofisi inauliza anwani, haiulizi pasipoti. Kwa urahisi wa kuifikia, nyota tano. Kwa matokeo ni habari nyingine, na mara nyingi kosa haliko kwenye simu bali kwenye ombi.

Opereta akipokea, mtajie jina la mbunge wako, au kama humjui, anwani yako au postikodi, naye atakuunganisha. Kila mkazi wa jimbo ana watu 3 wa kupigia: mbunge 1 katika Baraza la Wawakilishi lenye wabunge 435, na maseneta 2 kati ya 100. Hizo ni simu 3 tofauti. (Wakazi wa Washington yenyewe, mji linakokaa Bunge, hawana seneta hata mmoja.)

Atakayepokea ofisini si mheshimiwa. Mara nyingi ni kijana wa chuo aliyeko kwenye mafunzo kwa vitendo, amekaa mapokezi, mbele yake kompyuta yenye programu ya kutunza mawasiliano ya watu wa jimbo. Atauliza jina, anwani na postikodi, kisha ataandika mstari mmoja tu: nani, anatoka wapi, mada gani, anaunga mkono au anapinga. Ukisema "komesheni vita, watoto wanakufa," ataandika kwamba umepinga vita. Ukisema "namwomba mheshimiwa apige kura ya ndiyo kwa azimio namba fulani, kura inatarajiwa Alhamisi," ataandika namba ya azimio na neno ndiyo. Mistari hiyo hujumlishwa, na jumla humfikia msaidizi wa sera za nje na mkuu wa ofisi. Ombi la kwanza linaingia kapu moja na kila malalamiko kuhusu dunia. La pili linahesabiwa kwenye kura moja yenye tarehe, na ni hiyo ambayo msaidizi ataulizwa habari zake na bosi wake asubuhi ya siku ya kupiga kura.

Simu nzuri basi haizidi dakika 2. Jina, mtaa, postikodi, namba ya azimio, unataka kura gani, sababu moja inayohusu jimbo lenu, halafu swali la mwisho: "Mheshimiwa ameshatangaza msimamo?" Swali hilo usiliache. Likijibiwa "bado anatafakari", umejua ofisi hiyo inafaa kupigiwa tena na watu wengi zaidi. Likijibiwa "ameshasaini kuunga mkono", mshukuru uokoe muda. Mwenye bidii anaangalia kwanza kwenye tovuti ya congress.gov, ambako majina ya wote waliosaini kila azimio yamewekwa wazi. Kumshambulia kwa maneno mbunge aliyekwishasaini ni aibu ndogo inayotokea kila wiki.

Yanayoharibika yanajulikana. Postikodi moja inaweza kugawanyika kati ya majimbo mawili ya uchaguzi, kwa hiyo bila anwani kamili simu yako inaweza isihesabiwe kabisa. Kumpigia mbunge wa jimbo lisilo lako, hata awe mwenyekiti wa kamati nyeti, ni kazi bure kwa sehemu kubwa. Sanduku la ujumbe wa sauti hujaa siku za joto la kisiasa. Likijaa, pigia ofisi yake iliyoko jimboni, ambayo namba yake iko kwenye tovuti ya mbunge na haina foleni ndefu. Tofauti ya saa nayo inawaponza wa magharibi: ofisi ya Washington ikifungwa saa kumi na moja jioni, California ni saa nane mchana. Na neno lolote linalosikika kama kitisho, hata la hasira tu, linaweza kupelekwa polisi wa Capitol. Hapo ombi lako limekufa, na wewe unaweza kuwa na kesi.

Sasa ombi lenyewe. Hapa ndipo huduma hii inahitaji mtu anayesoma taratibu. Katiba ya Marekani imelipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita, na Sheria ya Mamlaka ya Vita ya 1973, iliyopitishwa Novemba mwaka ule kwa kuishinda kura ya turufu ya Rais Nixon, inamtaka rais atoe taarifa ndani ya saa 48 akiingiza majeshi vitani, na ayaondoe baada ya siku 60 kama Bunge halijaridhia, au 90 akihitaji muda wa kuyatoa salama. Kinachomhusu mpiga simu ni kipengele kingine: mbunge yeyote, hata wa upinzani, anaweza kuleta azimio la kuondoa majeshi, na azimio hilo lina kipaumbele cha kisheria. Kwenye Baraza, kamati ina siku 15 tu; uongozi hauwezi kulifungia kabatini kama unavyofanya kwa miswada mingine. Yaani kura itakuwepo, na tarehe itajulikana. Kwa mtu mwenye simu mkononi, hiyo ndiyo silaha.

Au ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mfano ulio bora kuliko wote ni Yemen. Tangu 2015 Marekani ilikuwa ikiisaidia Saudi Arabia na washirika wake katika vita vya Yemen kwa silaha, taarifa za kijasusi na kuzijazia ndege zao mafuta angani. Kwenye Baraza, Ro Khanna wa California alileta azimio la kusitisha ushiriki huo. Wananchi walipiga simu wakisema "ndiyo kwa azimio la Yemen". Tarehe 14 Novemba 2018 Baraza lilikutana kujadili muswada wa kuwaondolea mbwa mwitu ulinzi wa kisheria. Kabla ya mjadala hupigwa kura ya kanuni, yaani utaratibu utakaoongoza mjadala huo, na ndani ya kanuni ya mbwa mwitu uongozi ulikuwa umechomeka sentensi inayoliondolea azimio la Yemen kipaumbele chake. Kanuni ikapita kwa kura 201 kwa 187. Hakuna aliyepiga kura dhidi ya Yemen. Wote walikuwa wamepigia mbwa mwitu.

Wiki nne baadaye mchezo ukarudiwa, safari hii ndani ya kanuni ya muswada wa kilimo: 206 kwa 203. Wabunge 2 tu wangebadili upande, kanuni ingeanguka. Waliokuwa wamepiga simu kuomba "ndiyo kwa Yemen" hawakuwa wameomba kitu chochote kuhusu muswada wa kilimo, na kijana wa mapokezi hakuwa na mahali pa kuliandika ombi lao kwenye kura ile. Tangu hapo ombi la mtu anayejua lina sehemu mbili: ndiyo kwa azimio, na hapana kwa kanuni yoyote inayoliondolea kipaumbele. Sehemu ya pili inamshtua msaidizi kuliko ya kwanza, kwa sababu inamwambia kuna watu jimboni wanaosoma maandishi madogo.

Seneti ilikwenda vizuri zaidi. Machi 2018 azimio la maseneta Bernie Sanders, Mike Lee na Chris Murphy liliwekwa kando kwa kura 55 kwa 44. Novemba 28 mwaka huo huo lilipata kura 63 kwa 37 za kulitoa kwenye kamati, na Desemba 13 likapita 56 kwa 41. Ni uongo kudai simu peke yake zilifanya kazi hiyo. Katikati hapo basi la wanafunzi lilipigwa bomu na ndege za muungano wa Saudi Arabia huko Dahyan, kaskazini mwa Yemen, tarehe 9 Agosti na watoto 40 wakafa, na Jamal Khashoggi, mwandishi wa habari aliyeikosoa serikali ya Saudi Arabia, akauawa Istanbul tarehe 2 Oktoba. Simu zilichofanya ni kuhakikisha hasira ile inafika ofisini ikiwa na namba ya azimio juu yake.

Mwaka 2019 azimio lilipita kote, Seneti 54 kwa 46 na Baraza 247 kwa 175. Trump akalipiga turufu tarehe 16 Aprili, na Mei 2 Seneti ikashindwa kuivunja: 53 kwa 45, wakati theluthi mbili zinatakiwa. Ukiipima huduma kwa sheria iliyopatikana, imefeli. Ila Novemba 2018, kura zikiwa bado zinapigwa, kujaza ndege mafuta angani kulisitishwa bila sheria yoyote. Serikali huanza kurudi nyuma ikihesabu kura zinazokuja, na ukipima huduma hii upime na hilo.

Simu pia huzuia vita kuliko zinavyovimaliza. Agosti 31, 2013 Obama aliomba idhini ya Bunge kuishambulia Syria baada ya shambulio la kemikali la Ghouta. Simu zikamiminika, nyingi mno zikipinga, kutoka kwa wapiga kura wa vyama vyote viwili. Kamati ya Seneti iliridhia 10 kwa 7, lakini kura ya Bunge zima haikupigwa kamwe. Yakaja makubaliano ya kuziondoa silaha za kemikali. Vita ambavyo havijaanza havina mikataba wala heshima ya jeshi ya kulinda, na mbunge anaviacha bila kuonekana ameshindwa.

Kuhusu njia nyingine, kwa ufupi. Fomu ya tovuti inahesabiwa kama simu ikiandikwa kwa maneno yako; ile ya kunakili inayotumwa na maelfu inawekwa kundi moja na kujibiwa barua moja. Barua ya posta kwenda Washington isitumike kwa jambo la haraka: tangu bahasha zenye vimelea vya kimeta zilizotumwa Bungeni 2001 inapitia ukaguzi nje ya Capitol na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Jibu la ofisi likija, litafute neno "kura". Kama limejaa "nashiriki wasiwasi wako" na kura haimo, hujajibiwa, piga tena.

Ziara ya ana kwa ana kwenye ofisi ya jimboni ndiyo yenye uzito kuliko zote. Omba miadi wiki 2 hadi 4 kabla, ikiwezekana wakati wa mapumziko ya Agosti. Nendeni watu 4 hadi 6, mmoja awe askari mstaafu, mchungaji, imamu au mfanyabiashara anayejulikana mjini. Mtapewa dakika 15 hadi 30. Mkipewa msaidizi badala ya mbunge msinune: yeye ndiye anayeandika ushauri wa kura. Acheni karatasi moja, upande mmoja, yenye namba ya azimio juu kabisa, na msiondoke bila barua pepe yake. Anayetaka kufundishwa kazi hii, shirika la Waquaker (Wakristo wanaopinga vita) liitwalo Friends Committee on National Legislation limekuwa likiifanya tangu 1943.

Kwa Wakongomani walioko Marekani, ambao tangu Goma iangukie mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 wana sababu ya kushika simu, kuna tahadhari. Azimio la kuondoa majeshi haliwasaidii, kwani Marekani haipigani kule. Kinachoombeka ni vikwazo dhidi ya wahusika wanaotajwa kwa majina, masharti kwenye misaada, kikao cha kamati ndogo ya Afrika, au barua ya mbunge kwa waziri wa mambo ya nje. Mwaka 2010 Bunge lilikwisha kuyabana makampuni yaeleze kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu yao vinatoka kwenye migodi inayofadhili vita huko, kwa hiyo ombi la madini si geni masikioni mwao. Usitegemee kumkuta wa kuongea Kiswahili kwenye laini. Andika sentensi 3 za Kiingereza kwenye karatasi, usome polepole, na anwani uitaje mara mbili.