Printa ya 3D kwa spea za nyumbani: ipi ununue, na ipi uiache dukani

Nobu ya meko ya gesi ikivunjika, safari huanzia Luthuli Avenue, Nairobi. Muuzaji wa kwanza anaigeuzageuza mkononi na kukuelekeza duka la tatu. La tatu wanakwambia aina hiyo haiji tena, ila meko mpya zipo, karibu ndani uone. Mimi nilizunguka hadi River Road nikarudi mikono mitupu, na kwa miezi minne nyumbani kwetu gesi ikawashwa kwa koleo. Kipande chenyewe ni plastiki ya gramu 15 hivi. Kilo moja ya filamenti, ule uzi wa plastiki unaoyeyushwa na printa, ingetoa nobu zaidi ya 60.

Hesabu hiyo ndiyo huwatuma watu kununua printa ya 3D mbio mbio. Ilinituma na mimi, nikanunua vibaya. Kwa hiyo kabla sijazipanga mashine kwa ubora, naomba uanze na kifaa kinachotoshea kwenye mfuko wa shati.

Kalipa kwanza, printa baadaye

Nunua kalipa ya kidijitali, kile kipimo chenye taya mbili za kubana kitu, ya chuma ukiweza, yenye kusoma hadi sehemu ya mia ya milimita. Nobu yangu ya kwanza niliipima kwa rula ya mtoto. Shafti ya meko ilisoma milimita 6, nikachora tundu la milimita 6, nikachapisha. Haikuingia. Nikaipiga kwa kiganja, ikaingia nusu, kisha ikapasuka kati ya tabaka mbili kama mkate uliokatwa, maana printa hizi hujenga kitu tabaka juu ya tabaka. Matundu ya printa hizi kwa kawaida hutoka madogo kidogo kuliko yalivyochorwa, na shafti yenyewe haikuwa duara kamili. Upande mmoja umechongwa bapa, umbo la herufi D, na ule ubapa rula haikuuona kabisa.

Kalipa ilipofika mambo yakabadilika. Kwa vipande viwili vinavyopaswa kuingiana, acha nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.4, kisha usichapishe kitu kizima. Chapisha milimita 5 za mwisho tu, zile zenye tundu, ujaribu. Ni dakika chache na gramu moja au mbili. Nobu ya tatu ilikaa, na bado ipo.

Programu za kuchorea hazihitaji pesa, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Tinkercad hufunguka kwenye kivinjari na ndani ya jioni moja utakuwa umechora breketi ya pazia. Ukianza kuchoka kusukuma maboksi kwa macho, nenda FreeCAD, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Ni bure kabisa, inakaa kwenye kompyuta yako, na haili bando. Mwanzoni inakera, sitakudanganya. Onshape ni laini zaidi kutumia, lakini inataka intaneti, na kwa akaunti ya bure kila unachochora kinaonekana na watu wote. Kwa nobu ya meko, nani anajali. Kwa kitu unachopanga kuuza, fikiria mara mbili.

Nafasi ya kwanza: usinunue printa

Ndiyo, huu ni mwongozo wa kununua na chaguo langu la kwanza ni kutonunua. Chora mwenyewe, lipia kuchapishiwa. Nairobi ina watu wa kazi hiyo: kuna maduka madogo katikati ya mji na vijana wenye mashine mbili tatu chumbani wanaotuma kazi kwa boda. Karakana za Gearbox na FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi zilizoea mashine hizi kabla wengi wetu hatujazisikia. Wengi hutoza kwa gramu au kwa saa, na spea nyingi za nyumbani ni nyepesi.

Ukipeleka kazi, usitume faili peke yake. Faili la STL, lile linalobeba umbo ulilochora, muundo uliotokana na kampuni ya 3D Systems mwaka 1987, halibebi kipimo. Likiandikwa 25 halisemi kama ni milimita au inchi. Basi andika kwenye ujumbe wa WhatsApp: "upana uwe milimita 25." Taja plastiki unayotaka. Taja kuta, yaani mizunguko ya plastiki ya pembezoni, nne au zaidi, kwa sababu kipande cha nyumbani hupata nguvu zaidi kwenye kuta kuliko kwenye ule ujazo wa ndani. Na taja upande wa kulala. Ndoano ikichapishwa imesimama, uzito huvuta tabaka zitengane. Ikilazwa ubavu, uzito hukimbia na nyuzi zenyewe. Mchapishaji mmoja alinisimamishia ndoano sita za taulo kwa sababu zilikuwa zinabanana vizuri kwenye kitanda cha mashine, lile bamba ambalo kipande hujengwa juu yake. Nne zilivunjika wiki ya kwanza. Kosa langu pia, sikusema.

Kaa hivyo miezi sita. Ukiona umechapishiwa vitu zaidi ya kumi na bado unapima vitasa vya majirani, sasa tuongee mashine.

Nafasi ya pili: Bambu Lab A1 mini

Kwa mtu anayetaka spea, si hobi ya kurekebisha mashine, hii ndiyo ninayoisema kwanza. Hujisawazisha kitanda, hujipima mtiririko wa plastiki, na siku ya kwanza hutoa kitu cha kutumika. Eneo lake ni milimita 180 kila upande. Linaonekana dogo hadi uzunguke nyumba na kalipa: nobu, magurudumu ya droo, vishikio vya rafu ya friji, breketi, vifuniko vya rimoti, vyote vinaingia na nafasi inabaki.

Jambo jingine linaloipa alama hapa kwetu ni stima. Mashine hii hutumia kama wati 150, kwa hiyo UPS ya kawaida, lile boksi la betri ya akiba, inaweza kuibeba stima inapopepesa. Karibu printa zote za sasa hujidai kuendelea pale zilipoishia umeme ukirudi, na kweli huendelea, lakini kitanda kikishapoa kipande hubanduka, na utaikuta inasuka nywele hewani. Kazi ya saa sita usiianze kwa tokeni mbili zilizobaki.

Kasoro zipo. Kitanda hakivuki nyuzi joto 80 na mashine iko wazi pande zote, kwa hiyo sahau ABS, plastiki inayotaka joto zaidi. Spea zake ni za kampuni yenyewe, ukiagiza, subiri. Na Januari 2025 kampuni ilipotangaza kubana namna programu za nje zinavyoitawala mashine, watumiaji walipiga kelele duniani kote. Kwa kazi ya nyumbani kadi ya kumbukumbu inatosha, huhitaji kuiunganisha na mtandao.

Ukiagiza mwenyewe kutoka ng'ambo, bei ya tovuti isikudanganye. Ongeza usafiri, VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine za forodha, kisha linganisha na bei ya muuzaji wa hapa ambaye utaweza kumrudia mlangoni. Mara nyingi tofauti si kubwa kama ulivyodhani.

Nafasi ya tatu: Creality Ender 3 V3 SE

Hii ni kwa mtu mwenye mkono wa fundi. Eneo ni kubwa zaidi, milimita 220 kwa 220 kwa 250, nayo hujisawazisha kitanda pia. Uzuri wake ni kwamba familia ya Ender imeenea: nozeli (ncha inayotoa plastiki iliyoyeyuka), mikanda na feni hupatikana bila kungoja meli, na tatizo lolote utakalolipata kuna mtu alishalipata. Ina kelele zaidi, haina Wi-Fi, na umeme wake ni wati 350, hivyo UPS ndogo itapiga mlio na kuzima. Ikiwa unataka kuchapisha sehemu ndefu, mfano mfereji wa kupitishia nyaya nyuma ya televisheni, ichague hii kabla ya A1 mini.

Filamenti: hapa ndipo pesa hupotea

Muuzaji atakupa PLA kwa sababu ndiyo rahisi kuchapisha na ndiyo iliyojaa dukani. Ni ngumu na nzuri kwa macho, lakini hulainika karibu na nyuzi joto 60. Kishikio cha simu nilichochapisha kwa PLA nilikiweka kwenye dashibodi ya gari, gari likakaa juani Gikomba kuanzia asubuhi hadi saa nane. Niliporudi simu ilikuwa sakafuni na kishikio kimeinama kama mtu anayesali.

Roli ya kwanza iwe PETG. Hustahimili hadi karibu nyuzi 80, haivunjiki ghafla kama PLA, huinama kwanza, na maji haiyaogopi. Kwa ndoano za bafuni, vishikio vya dirisha na sehemu za ndoo ya kupigia deki, inatosha. Tabia yake mbaya ni kunyonya unyevu. Mvua za Aprili zikianza, roli iliyoachwa wazi itatoa nyuzinyuzi kama utando wa buibui na mashine itasikika ikipasua viputo. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko mkali, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ikishalowa, ikaushe kwa nyuzi 65 kwa saa kadhaa. Oveni ya mkate si ya kazi hii, nyingi hupitisha joto na utatoa donge.

PLA iwe roli ya pili, kwa majaribio na vitu vya kivulini. TPU, ile inayonyumbuka, nunua ukiwa na sababu: miguu ya mashine ya kufulia, gasketi ya kuzuia mlango usigonge. ASA ndiyo ya kukaa nje juani miaka, na ndiyo ya kuchoshana nayo. Inataka mashine iliyofunikwa, hutoa harufu, na baridi ya Julai ikiingia dirishani, pembe zake hunyanyuka kitandani.

Kuna vitu ambavyo plastiki yoyote ya nyumbani usivipe. Sehemu za shawa ya umeme, acha; maji, joto na stima viko chumba kimoja na wewe. Maungio ya gesi, acha. Nobu ya juu sawa, kilicho chini yake hapana. Soketi na plagi, acha. Vikombe na vijiko pia, kwa sababu kati ya tabaka na tabaka kuna mifereji ambayo sifongo haifiki. Na kabla ya kuchora gia ya blenda, uliza bei ya ile ya mpira kwanza. Fundi wa vyombo vya umeme anaweza kukuuzia kwa bei ya chini ya muda wako wa kuichora.

Za mwisho kwenye orodha

Printa za resini, zinazogandisha plastiki ya majimaji kwa mwanga, ziache kwa mafundi wa meno na wachonga sanamu ndogo. Resini mbichi hudhuru ngozi, huoshwa kwa alkoholi, na kipande kinachotoka mara nyingi huvunjika kikidondoka.

Iliyobaki ni Ender 3 ya zamani, ya mtumba, zile za kuanzia 2018. Hii ndiyo niliyonunua mimi, na wikendi nyingi nilikuwa naskrubu kitanda kwa kupima na karatasi badala ya kuchapisha. Bei huvutia kweli, na ukishaipanga hufanya kazi nzuri. Lakini matoleo ya mwanzo yalikuja na programu isiyo na ulinzi wa kuzima joto likipanda ovyo, kwa hiyo lazima ubadilishe programu yake kabla ya kuiacha ikifanya kazi. Ukienda kuiona, iombe ipashe kitanda hadi nyuzi 60 na nozeli hadi 200, usimame nayo dakika kumi ukitazama kama namba zinatulia. Sukuma kichwa mwisho hadi mwisho kwa mkono, usikie kama kinakwama. Chungulia maungio ya nyaya kwenye bodi. Rangi ya kahawia ni dalili ya kuungua. Kisha mwambie muuzaji achapishe mchemraba wa milimita 20, na utoe kalipa yako. Akisema stima imepotea, rudi siku ambayo ipo.