Chokaa ya kusagwa au ya kuchomwa kwa shamba lenye asidi?

Mashamba mengi ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, Mbozi hadi Mufindi, yana asidi kwa sababu mvua nyingi huosha kalsiamu ya udongo. Tiba ni chokaa. Ipi?

Ya kusagwa ni jiwe la chokaa lenyewe, yaani kalsiamu kaboneti (CaCO₃). Ikikutana na asidi (H⁺):

CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + H₂O + CO₂

Hesabu mwenyewe: kila upande una kalsiamu 1, kaboni 1, oksijeni 3, hidrojeni 2, na chaji +2. Mlinganyo umesawazika. Mmenyuko wenyewe huenda polepole, ndiyo maana nasisitiza unga laini, uchanganywe na udongo mapema kabla ya kupanda mahindi.

Ya kuchomwa hupitia tanuru kwanza; gesi ya CO₂ hutoka, oksidi ya kalsiamu (CaO) hubaki:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56, na hizo 56 huondoa kiasi kilekile cha asidi kama zile 100. Mzigo mwepesi, nauli nafuu, kazi ya haraka. Ila CaO ikigusa maji hutoa joto kali; jasho au chozi tu latosha kuunguza ngozi na macho. Kwa anayemwaga kwa mkono, nachagua ya kusagwa bila kusita.